Majibu ya Shangazi: "Dalali anasema mita 21, sheria inasema 15"

SWALI

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni msichana wa Mombasa, nauguza wazee hapa Paris, mwaka wa tisa sasa. Nimechoka kulipa kodi ya nyumba ya mtu. Wiki iliyopita nilionyeshwa studio inayouzwa Montmartre, hatua chache kutoka Place des Abbesses. Ni chumba kimoja chenye jiko pembeni, kama bedsita zetu za Bamburi, ila hiki kiko ghorofa ya 6 chini ya paa, na lifti hakuna. Tangazo linasema: "Studio yenye roho ya bohème katika mtaa wa kihistoria wa wasanii. Mita za mraba 21 za sakafu, 15 kwa sheria ya Carrez. Mandhari ya mapaa ya Paris." Bei ni euro 165,000.

Ukisimama dirishani unaliona kuba jeupe la kanisa la Sacré-Cœur. Nilisimama pale, nikasahau hata maswali niliyoyaandika. Dalali ananiambia bei hiyo ni chini ya euro 8,000 kwa mita, ni kama bure, na kuna mtu mwingine anarudi kukitazama Jumamosi. Kwenye karatasi moja kuna herufi G nyekundu. Nilipouliza akasema hayo ni mambo ya umeme, nisijali.

Nina akiba ya euro 32,000, na benki imenikubalia kwa mdomo. Nataka kukaa humo miaka mitano hivi, kisha nikirudi nyumbani nikipangishe. Mama yuko Kisauni, anasema nimerogwa, pesa hizo ningejenga ghorofa Mtwapa. Nitie saini au nisitie?

Mpenda Dirisha, Paris

JIBU

Marahaba mwanangu. Jumamosi usitie saini. Mwache huyo mtu mwingine arudi. Madalali wa Paris ninawajua tangu 1998, na huyo mtu mwingine sijawahi kupishana naye ngazini.

Mimi ni fundi cherehani. Kazi yangu iko chini ya kilima hicho hicho, kwenye maduka ya vitambaa ya Marché Saint-Pierre, na mwaka 2006 nilinunua chumba cha mita 13 upande wa pili wa kilima, karibu na rue Lamarck. Ghorofa ya 6, ngazi 112. Nilinunua kwa macho, kama unavyotaka kufanya wewe. Nikikukaripia hapa, ujue nusu ya karipio najipa mwenyewe.

Tuanze na futi. Dalali wako amechukua 165,000 akagawa kwa 21, akapata 7,857. Mimi nagawa kwa 15, napata 11,000 kamili. Hesabu ya kwanza ni ya kitambaa, ya pili ni ya gauni. Tangu 1996 sheria ya Carrez inamtaka kila anayeuza sehemu ya jengo la wengi aandike ukubwa wake, na mahali popote ambapo dari iko chini ya mita 1.80 hapahesabiwi. Hizo mita zako sita zilizopotea ziko pale paa linapolala. Utaweka masanduku, utaweka godoro la mgeni, lakini kila asubuhi utapita hapo umeinama kama anayepita chini ya kamba ya nguo. Mita hizo zina faida yake, sikatai. Lakini hazilipiwi bei ya mita ya kusimama.

Rudi na futi yako mwenyewe. Piga alama ya chaki ukutani mita 1.80 juu, halafu pima sakafu inayobaki kati ya alama na alama. Ukishanunua na ikaonekana mita halisi zimepungua kwa zaidi ya asilimia 5 ya zilizoandikwa, una mwaka mmoja tangu mkataba wa mwisho wa kudai upunguziwe bei kwa kiasi hicho. Nami nakwambia pima kabla, maana kudai ni kazi ya mawakili na wewe una zamu za usiku.

Angalia pia chumba hicho kilizaliwaje. Ghorofa za juu za majengo ya namna hiyo zilikuwa vyumba vya watumishi wa nyumbani, vyumba vidogo vidogo kwenye ujia mmoja, choo kimoja mwisho. Watu wakaja wakaunganisha viwili vikawa studio, na wengine walipokuwa wanabomoa ukuta wakameza na kipande cha ujia. Ujia ni mali ya wote. Ukiona kabati lako limeingia mahali ambapo ramani ya jengo inaonyesha njia, uliza ni mkutano gani uliouza kipande hicho, mwaka gani. Na choo kikiwa kile chenye mashine nyuma inayosaga na kusukuma uchafu kwenye bomba jembamba, uliza vilevile kama wenye jengo walikiidhinisha. Cha kwangu kilikuwa hicho. Umeme ukikatika, na choo kimekatika.

Sasa jengo lenyewe, maana hapo ndipo nilipoungua. Unadhani unanunua chumba, kumbe unanunua hisa. Paa, ngazi, mabomba na ukuta wa mbele ni vya wote, na kila mwenye chumba ana hisa zake anazozilipia. Mimi nilikuwa na hisa 20 kati ya 1,000. Nikajiambia, mdogo mimi, na deni langu litakuwa dogo. Miezi minne baada ya kupewa funguo ikaja barua: kukarabati paa na ukuta wa mbele, euro 320,000, sehemu yako 6,400. Kazi ilikuwa imepigiwa kura mwaka mzima kabla sijanunua! Aliyeniuzia alijua. Dalali alijua. Mimi nilikuwa natazama kuba. Wala sheria haikunisaidia, kwa sababu anayedaiwa na msimamizi wa jengo ni yule aliye mwenye chumba siku malipo yanapoiva. Ukitaka mwuzaji abebe mzigo aliouacha, mnapatana kwenye mkataba wenu. Wetu haukusema kitu. Nilishona magauni ya harusi mpaka saa nane za usiku, msimu mzima.

Wewe una bahati nisiyokuwa nayo. Tangu 2014 mwuzaji analazimika kukupa kumbukumbu za mikutano ya wenye jengo za miaka mitatu ya mwisho, pamoja na kanuni za jengo na hesabu zake. Zisome kama unavyosoma faili la mgonjwa uliyekabidhiwa zamu. Tafuta neno toiture, ndilo paa. Tafuta ravalement, ndio ukarabati wa ukuta wa mbele. Kisha tafuta impayés, yaani majirani wasiolipa, na hilo lisome mara mbili: jengo lenye wadaiwa wengi halitengenezwi, na paa lisilotengenezwa linavuja kwa nani? Kwa wa ghorofa ya 6.

Hiyo herufi G si mambo ya umeme ya kutojali. Ni cheti cha jinsi nyumba inavyokula nishati, kuanzia A mpaka G, na tangu tarehe 1 Januari 2025 nyumba yenye G haipangishwi upya Ufaransa. Zenye F zitafuata 2028, na E 2034. Kukaa mwenyewe unaruhusiwa. Lakini wewe umeniandikia kwamba baada ya miaka mitano unataka kupangisha. Basi dalali amekuuzia kitanda akaficha kwamba hakina chaga. Kabla hujakata tamaa tazama tarehe ya hicho cheti. Tarehe 1 Julai 2024 serikali ilibadili hesabu kwa nyumba zilizo chini ya mita 40, kwa sababu vyumba vidogo vilikuwa vinaonewa. Cheti kikiwa cha kabla ya hapo, namba yake inaingizwa kwenye tovuti ya wakala wa serikali ADEME na herufi mpya inatoka bila malipo. Huenda ikapanda. Ikibaki G, uliza gharama ya kuweka kinga ya joto chini ya paa, ukikumbuka kwamba kinga hiyo itakula sentimita za dari, na dari ikishuka, mita za Carrez nazo zinapungua. Nimeona mtu aliyeziba paa lake akatoka na chumba kidogo kuliko alichonunua.

Kwa nini natia mkazo juu ya paa? Kwa sababu juu ya kichwa chako ni bati la zinki. Yale mapaa ya kijivu unayoyapenda dirishani ndiyo hayo. Ufundi wa mafundi wake uliingizwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO Desemba 2024, na wanastahili. Lakini zinki ni zinki. Tarehe 25 Julai 2019 Paris ilifika nyuzi 42.6, haijawahi kuwa na joto kama hilo tangu waanze kupima. Saa nne usiku kipimajoto changu mezani kilisoma 38. Nililoanisha leso mbili, moja nikajifunga, moja nikaitundika dirishani, halafu nikashuka ngazi zote 112 nikakaa barazani kwa jirani muuza mboga mpaka alfajiri. Mimi mtoto wa Mji wa Kale! Kule kwetu kuta za mawe na chokaa zina unene wa mkono mzima na vyumba vyembamba kwa kipimo cha boriti, joto linabaki nje. Hapa kati yako na jua kuna bati, mbao na plasta. Kiyoyozi chenye mashine ya nje usikiote, ni mtaa wa majumba ya kihistoria na dirisha tu ukitaka kulibadili sura ni maombi, wasanifu wa serikali na kura ya majirani. Nenda ukione chumba hicho saa tisa za alasiri, si saa tatu asubuhi.

Na chini ya miguu yako je? Kilima cha Montmartre kilichimbwa jasi kwa karne nyingi. Plasta ya Paris, ile unayowafungia wazee wako mguu ukivunjika, imepata jina kwenye machimbo ya huku. Mashimo yalibaki, na baadhi ya sehemu za Paris zilititia mpaka mfalme akaunda idara ya kukagua machimbo mwaka 1777. Idara hiyo ipo hadi leo na ina ramani. Hili halinitishi sana, kwa vile kwenye mafaili ya kuuza nyumba lazima kuwe na karatasi ya hatari za ardhi. Isome tu. Na ukipanda ngazi za jengo tazama nyufa: nyufa za zamani zilizopakwa rangi si neno, nyufa mpya juu ya rangi mpya ni neno.

Umetaja roho ya wasanii. Bohème ni neno la makosa: Wafaransa wa zamani waliwadhania Waroma, jamii ya wahamaji wa Ulaya na si watu wa mji wa Roma, kuwa wametoka Bohemia, nchi ya Wacheki, wakawaita hivyo, halafu jina likawashukia wachoraji na washairi wasio na senti. Na waliikimbilia Montmartre kwa sababu moja, ilikuwa rahisi. Mpaka 1860 kilikuwa kijiji nje ya mji, mvinyo wake haulipiwi ushuru wa Paris. Karibu na hicho chumba chako, Place Émile-Goudeau, kuna mahali panapoitwa Bateau-Lavoir, yaani mashua ya dobi. Mchoraji Picasso alihamia hapo 1904, jengo la mbao, baridi ya kugandisha chai, bomba moja la maji kwa wote, na hapo ndipo alipochora picha ya Les Demoiselles d'Avignon mwaka 1907. Watalii wanapiga picha. Hawaambiwi kwamba mwaka 1909, pesa zilipoanza kuingia, Picasso alifungasha akahamia boulevard de Clichy. Jengo liliungua 1970. Siku hizi roho ya bohème inauzwa euro 11,000 kwa mita, na wachoraji halisi ninaowashonea mapazia wanaishi nje ya mji.

Lakini sitaki nikuchafulie mtaa wenyewe. Ukishuka ngazi za upande wa mashariki, dakika kumi na tano uko soko la Château Rouge, rue Dejean, una ndizi, muhogo, samaki, na kisamvu ambacho mama wa Kikongo atakuitia pondu. Kwa mwanamke wa Pwani hilo ni jambo kubwa kuliko Sacré-Cœur.

Basi ukiamua kuendelea, fanya hivi. Tafuta notaire wako mwenyewe, yaani mwanasheria anayeandika na kuthibitisha mikataba ya nyumba, usikubali wa mwuzaji peke yake. Wakiwa wawili wanagawana ada ile ile, wewe huongezi hata senti. Mwambie aandike kwamba kazi zote zilizopigiwa kura kabla ya mkataba wa awali ni za mwuzaji. Mwambie aandike pia kwamba benki ikikataa mkopo unarudishiwa arubuni yako, na mtu yeyote asikuandikishe kwa mkono wako kwamba huna haja ya mkopo, maana hapo unajivua ngao. Ukishatia saini mkataba wa awali una siku 10 za kubadili nia bila kumweleza mtu sababu, na siku hizo hazianzi kuhesabiwa mpaka uwe umekabidhiwa karatasi zote za jengo. Wengi hutumia siku hizo 10 kununua mapazia. Wewe zitumie kusoma. Na katika hiyo 32,000 toa kwanza kodi na ada za notaire, kama asilimia 7 au 8 ya bei. Hapo ni 12,000 au 13,000 zimekwenda, benki haipendi kuzikopesha.

Kwa 165,000 mimi nisingenunua. Kwa 135,000, kumbukumbu safi na cheti kimetoka kwenye G, ningerudi kupima mara ya pili. Mama mwambie hujarogwa, na umwambie pia kwamba ghorofa ya Mtwapa nayo ina paa.

SWALI

Shangazi, nami niko Paris na nimesoma habari za vyumba vya Montmartre. Mbona watu wanajisumbua na wapangaji wa kudumu? Si unaweka tu watalii wa wikendi, mkopo unajilipa wenyewe?

Mjasiriamali, kutoka Dar

JIBU

Mwanangu, ulichelewa kama miaka kumi. Nyumba unayoishi mwenyewe miezi 8 au zaidi kwa mwaka, hapo Paris unaweza kuwapa watalii siku 90 tu kwa mwaka. Zilikuwa 120 hadi mwisho wa 2024. Lazima upate namba ya usajili kutoka manispaa na uiweke kwenye tangazo. Nyumba usiyoishi ni hadithi nyingine kabisa. Unatakiwa ubadilishe matumizi yake kisheria na ulipie nafasi hiyo kwa kugeuza sehemu ya biashara kuwa makazi, gharama ambayo chumba cha mita 15 hakiwezi kuibeba hata kikizaa dhahabu. Faini zake zinahesabiwa kwa makumi ya maelfu ya euro.

Na hata manispaa ikikupita, majirani hawatakupita. Kwenye majengo ambayo kanuni zake tayari zinakataza biashara, tangu Novemba 2024 theluthi mbili ya kura zinatosha kuwapiga marufuku wageni wa muda kwenye nyumba zisizo makazi ya mwenyewe. Mikutano ya wenye jengo naijua tangu nilipokuwa na chumba changu. Bibi wa ghorofa ya 2 aliyeamshwa na masanduku ya magurudumu saa kumi alfajiri hana masihara akiinua mkono.

Mpangaji wa kudumu naye ana sheria zake. Chumba lazima kiwe na angalau mita 9 za mraba zenye dari ya mita 2.20, au ujazo wa mita 20 za ujazo, la sivyo hakipangishwi. Na tangu Julai 2019 kodi za Paris zina kikomo kwa kila mtaa. Kipige hesabu hicho kikomo kwanza, ndipo upige hesabu ya mkopo.

SWALI

Shangazi, mimi niko Tanga, sina mpango wa kununua kitu Ulaya. Nataka kujua tu: mtu mzima anaishije kwenye mita 13 miaka yote hiyo? Hapa kwetu banda la kuku ni kubwa kuliko hilo.

Mshangaaji

JIBU

Banda la kuku halina cherehani ndani, baba. Changu kilikuwa na cherehani mbili.

Kitanda kilikuwa juu, fundi alikiegemeza kwenye boriti za paa, na chini yake ndipo palipokuwa na meza ya kukatia. Nguo za wateja zilining'inia kwenye bomba kutoka ukuta hadi ukuta; mgeni akija anazipenua kama pazia ndipo anione. Jiko lilikuwa la plagi, macho mawili. Mchele niliutia kwenye sanduku la viatu vya baridi. Ugomvi wangu mkubwa kwa miaka 13 haukuwa nafasi, ulikuwa kinu. Nikitwanga kitunguu saumu na bizari, bwana wa chini anagonga dari yake kwa mpini wa ufagio. Tukapatana: nitwange Jumamosi kati ya saa tano na saa sita, naye nimteremshie bakuli la pilau.

Niliuza vuli ya 2019, baada ya joto lile. Siku ya kuhama, masanduku yaliteremshwa na vijana wawili wa Kikomoro niliowalipa. Kinu nilikibeba mwenyewe, ngazi 112, na bwana wa chini alikuwa amefungua mlango. Aliniuliza nani sasa atakayemtwangia.